Barua Pepe za Shirika Kwenye Simu za Watumishi: Namna ya Kuchagua Programu Inayofaa



Siku hizi mawasiliano mengi ya mashirika ya maendeleo hufanyika kwa barua pepe. Barua hizo hazisubiri tena mtumishi arudi ofisini. Afisa wa mradi wa maji huzisoma akiwa kijijini, mhasibu huzisoma akiwa kwenye foleni benki, na mratibu hujibu swali la mfadhili akiwa ndani ya basi. Hili ni jambo jema, kwani linaokoa muda na nauli. Lakini limeleta maswali ambayo kamati nyingi bado hazijayaweka kwenye ajenda: barua hizo ni mali ya nani? Zinakaa wapi? Na simu ikipotea, nini kitatokea?

Pale ambapo kamati haikuamua lolote, watumishi hujiamulia wenyewe. Kila mmoja hutumia anwani yake binafsi na programu aliyoikuta kwenye simu yake. Siku mtumishi huyo akiacha kazi, huondoka na miaka mitatu ya barua kati ya shirika na mfadhili, pamoja na mikataba, taarifa za fedha na orodha za wanaohudumiwa. Hajaiba kitu, ila shirika halikuwahi kuweka barua zake mahali pake lenyewe.

Makala hii inaeleza namna programu za kusawazisha barua pepe zinavyofanya kazi na mambo ambayo kamati inapaswa kuyapima kabla ya kuchagua. Si lazima mwanakamati awe fundi wa kompyuta ndipo aielewe.

1. Kusawazisha maana yake nini?

Kusawazisha ni kuhakikisha kwamba kile kilichopo kwenye kompyuta ya ofisini ndicho kilichopo kwenye simu. Barua iliyosomwa kwenye simu ionekane imesomwa pia ofisini. Jibu lililotumwa kutoka kijijini lionekane katika barua zilizotumwa ofisini. Mkutano ukisogezwa kutoka Jumanne kwenda Alhamisi, kalenda ya simu nayo ibadilike.

Kazi hii inahitaji pande mbili. Upande wa kwanza ni seva, yaani kompyuta inayopokea na kutunza barua za shirika. Upande wa pili ni programu iliyo kwenye simu. Pande hizi mbili huzungumza kwa kanuni maalumu, na kanuni zinazotumika zaidi ni tatu. Tuzieleze kwa mfano wa sanduku la posta.

Ya kwanza ni POP. Hii ni kama mtu anayekwenda posta, anachukua barua zote na kuzipeleka nyumbani kwake. Kwa kawaida yake ya asili, barua ikishachukuliwa haibaki posta. Upo mpangilio wa kubakiza nakala, lakini POP haipeleki habari kwa vifaa vingine kwamba barua fulani imesomwa au imejibiwa. Kwa shirika lenye watumishi wanaotumia kompyuta na simu pamoja, POP haifai.

Ya pili ni IMAP. Hapa barua hubaki posta, na mtu huzisoma kupitia dirisha lolote. Alichokifanya kwenye dirisha moja huonekana kwenye madirisha mengine. IMAP ilianza mwaka 1986 na hadi leo inatumika karibu kila mahali. Upungufu wake ni kwamba inabeba barua tu. Kalenda huhitaji kanuni nyingine iitwayo CalDAV, na orodha ya majina na namba za watu huhitaji CardDAV.

Ya tatu ni Exchange ActiveSync ya kampuni ya Microsoft. Hii hubeba barua, kalenda, majina na orodha ya kazi kwa pamoja. Pia humpa msimamizi uwezo wa kudai kwamba simu iwe na namba ya siri na wa kufuta barua za shirika kwa mbali simu inapopotea. Namna yake ya kuleta barua upesi ni rahisi kueleweka: simu hupiga hodi kwenye seva, kisha husubiri mlangoni. Barua ikifika, seva hujibu papo hapo. Kwa njia hiyo simu haihitaji kurudi kuuliza kila baada ya dakika chache kama kuna barua mpya.

2. Tujifunze kwa yaliyopita

Miaka ya 2000 chaguo la wakubwa lilikuwa BlackBerry, simu za kampuni ya Research In Motion ya Waterloo, Kanada. Barua ziliingia kwenye simu zenyewe, na usalama wake ulisifiwa. Lakini barua zote zilipita katika vituo vya kampuni hiyo. Mwezi Oktoba 2011 kifaa kimoja kikuu cha mtandao wake kiliharibika, na kile cha akiba hakikushika kazi kama ilivyotarajiwa. Kwa siku kadhaa watumiaji wa Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika na baadaye Amerika walikosa huduma au waliipata kwa kusuasua. Kisha tarehe 4 Januari 2022 kampuni ilizima huduma zilizotegemewa na simu hizo za zamani. Fundisho ni hili: kabla ya kuingia, uliza mlango wa kutokea. Kama barua zako haziwezi kuhamishwa kwenda kwa mtoa huduma mwingine, umefungwa.

Fundisho la pili linawahusu wanaotaka kuwa na seva yao wenyewe ofisini. Tarehe 2 Machi 2021 Microsoft ilitoa marekebisho ya dharura kwa seva za Exchange, baada ya kugundulika matundu ambayo wadukuzi walikuwa tayari wanayatumia. Maelfu mengi ya seva duniani zilikuwa zimeshaingiliwa. Walioathirika zaidi ni wale ambao hawakuwa na fundi wa kuweka marekebisho mara moja. Aidha, usaidizi wa kawaida wa Exchange Server 2016 na 2019 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Seva ni kama pampu ya kisima. Kuinunua ni mwanzo tu, kuitunza ndiyo kazi. Kama shirika halina fundi wa kudumu, ni afadhali likodi huduma.

Fundisho la tatu ni la kwetu kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti katika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani ikawa ya shida. Wale ambao simu zao zilikuwa zimehifadhi nakala za barua za siku za karibuni waliweza kuendelea kuzisoma. Wale waliotegemea kufungua kila kitu mtandaoni walikwama. Programu nzuri kwa mazingira yetu ni ile inayofanya kazi hata mtandao usipokuwepo, kisha hutuma majibu unaporudi.

3. Mambo sita ya kupima

(a) Je, inaendana na seva tuliyonayo?

Hili ndilo la kwanza. Si kila programu inazungumza na kila seva. Isitoshe, milango ya kuingilia inabadilika. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 Microsoft ilianza kufunga njia ya zamani ya kuingia kwa jina na neno la siri pekee katika huduma yake ya Exchange Online, kwa POP, IMAP na ActiveSync. Programu za zamani ambazo hazikujua njia mpya zilikataliwa. Google nayo imefuata mkondo huo huo kwa akaunti za mashirika. Kwa hiyo simu ya zamani inaweza kuwa nzima kabisa, lakini programu yake ya barua isifunguliwe mlango. Ijaribuni kabla ya kulipa.

(b) Je, inatunza data?

Bando la intaneti ni gharama halisi. Tuchukue mfano. Tuseme mtumishi anapokea barua 40 kwa siku, na kila barua bila kiambatisho ina kilobaiti 50. Hizo ni megabaiti 2 kwa siku, au 44 kwa siku 22 za kazi. Tuseme pia anapokea viambatisho 5 kwa siku, kila kimoja megabaiti 3. Hizo ni megabaiti 15 kwa siku, au 330 kwa mwezi. Jumla ni megabaiti 374. Lakini programu ikipangwa ipakue kiambatisho pale tu mtumishi anapokigusa, na akagusa viwili kati ya vitano, viambatisho vinashuka hadi megabaiti 132 na jumla inakuwa 176. Mzigo mkubwa ni picha na mafaili, si maneno. Chagueni programu inayoruhusu kuzuia upakuaji wa viambatisho na kuchagua barua za siku ngapi zikae kwenye simu.

(c) Barua inapita kwa nani?

Baadhi ya programu huchukua barua moja kwa moja kutoka kwenye seva yenu. Nyingine huzipitisha kwanza kwenye seva za mtengenezaji wa programu. Kwa mfano, Outlook ya simu, ikiunganishwa na akaunti ya IMAP ya mtoa huduma mwingine, hufanya kazi kwa kupitia huduma ya mtandaoni ya Microsoft. Hilo si kosa, lakini kamati inapaswa kulijua, kwa sababu maana yake ni kwamba kuna mshika barua wa tatu. Thunderbird ya Android, iliyotolewa mwezi Oktoba 2024 kutokana na programu ya K-9 Mail, ni programu huria na ya bure inayozungumza na seva moja kwa moja kwa IMAP au POP. Hata hivyo haitoshi kwa shirika linalotaka msimamizi awe na uwezo wa kudhibiti simu.

(d) Simu ikipotea?

Hapa ndipo penye uzito zaidi. Ndani ya barua za shirika mnakuwa na majina ya watoto wanaolipiwa ada, hali za afya za wagonjwa wanaotembelewa, namba za akaunti na namba za simu za akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Watu hawa walitupa taarifa zao kwa imani.

Kwa kiwango cha chini, simu yoyote yenye barua za shirika iwe na namba ya siri ya kuifungua. Akaunti iwe na uthibitisho wa hatua mbili, yaani pamoja na neno la siri kuwe na uthibitisho mwingine. Na msimamizi awe na uwezo wa kuiondoa akaunti ya shirika kwenye simu bila kuishika simu hiyo.

Lakini muelewe mpaka wa uwezo huo. Amri ya kufuta hufika tu simu inapoingia kwenye mtandao. Mtumishi akikimbilia kwanza kufunga laini yake, amri inaweza isifike kamwe. Utaratibu mzuri ni huu: kwanza mtumishi atoe taarifa ofisini mara moja. Pili, msimamizi abadilishe neno la siri na kukata vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia. Tatu, atume amri ya kufuta. Kama laini hiyo ina fedha, kampuni ya simu ijulishwe wakati huo huo, kwani fedha za mtu haziwezi kusubiri. Hata amri ya kufuta isipofika, neno la siri jipya litazuia barua mpya kuingia, na namba ya siri ya simu italinda zile za zamani.

(e) Simu ni ya nani?

Mashirika mengi hayana uwezo wa kumnunulia kila mtumishi simu. Mtumishi hutumia yake, yenye picha za watoto wake na jumbe za familia. Katika mifumo ya zamani, amri ya kufuta ilifuta simu nzima. Mifumo ya karibuni inaweza kufuta akaunti ya shirika peke yake, na simu za Android tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014 zimekuwa na uwezo wa kutenga sehemu ya kazi na sehemu ya binafsi. Ulizeni waziwazi: programu hii ikiamriwa kufuta, inafuta nini? Kisha mwandike makubaliano na mtumishi kabla ya kuweka akaunti: shirika linaweza kuona nini, linaweza kufuta nini, na nani atachangia bando. Mtumishi asiyeambiwa ukweli atarudi kwenye anwani yake binafsi, na kazi yote itakuwa bure.

(f) Gharama ya miaka mitatu ni kiasi gani?

Msitazame bei ya mwezi mmoja. Tuseme ada ni dola 3 kwa mtu kwa mwezi, na watumishi ni 18. Hizo ni dola 648 kwa mwaka, na dola 1,944 kwa miaka mitatu. Ongezeni mafunzo, bando na muda wa msimamizi. Kisha linganisheni na seva yenu wenyewe: mashine, betri ya akiba, umeme, fundi na nakala za akiba nje ya jengo.

Microsoft na Google zina mipango ya bure au ya punguzo kwa mashirika yasiyo ya faida yanayokidhi masharti. Fuatilieni, ila msijenge juu ya bure pekee. Mwaka 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa leseni 10 za bure za Microsoft 365 Business Premium, ikabakiza mpango mdogo zaidi bila malipo na punguzo kwa mingine. Mashirika yaliyokuwa yamezoea yalilazimika kutafuta fedha ambayo haikuwa kwenye bajeti.

4. Sheria inasemaje?

Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Uganda nayo ilitunga ya kwake mwaka huo huo. Sheria hizi hazimhusu mfanyabiashara tu. Shirika linalotunza orodha ya wajane au ya wanafunzi linatunza taarifa binafsi. Pia sheria zinaweka masharti kuhusu kupeleka taarifa hizo nje ya nchi, na seva nyingi za kukodi ziko nje. Kwa hiyo muulizeni mtoa huduma barua zitakaa nchi gani, na mtafute ushauri wa mwanasheria juu ya usajili na masharti yanayowahusu.

5. Jaribuni kabla ya kuamua

Mwenda pole hajikwai. Kabla ya kulipia watu wote, fanyeni majaribio ya siku 30 kwa watumishi watatu: mmoja wa makao makuu, mmoja wa mjini na mmoja wa kijijini ambako mtandao ni hafifu. Mmoja wao awe na simu ya zamani kuliko zote. Wafanye mambo yafuatayo na kuandika matokeo:

– Kuzima mtandao, kusoma barua za wiki iliyopita na kuandika jibu. Je, jibu linatoka mtandao unaporudi?
– Kutuma barua kwa simu, kisha kutazama kama inaonekana kwenye kompyuta ya ofisi.
– Kubadilisha saa ya mkutano ofisini na kuona inachukua muda gani kufika kwenye simu.
– Kupima data iliyotumika kwa wiki na hali ya betri ifikapo jioni.
– Kufanya zoezi la simu iliyopotea, kwa simu ya majaribio isiyo na vitu vya mtu, na kuona nini kimefutika na nini kimebaki.
– Kutoa barua zote nje ya mfumo kana kwamba mnahama.

Jaribio hili la mwisho husahaulika mara nyingi, nalo ndilo linalofichua kifungo.

6. Nani afanye nini?

Kamati isichague programu kwa jina, bali iamue masharti. Iamue kwamba barua zote za kazi zitapita kwenye anwani za shirika, kwamba jina la mtandao la shirika litasajiliwa kwa jina la shirika na si la fundi, na kwamba watu wawili watakuwa na uwezo wa usimamizi ili mmoja akiugua au akisafiri kazi isisimame. Mtumishi anapoondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo na barua zake zikabidhiwe kwa anayepokea kazi, kama inavyofanyika kwa funguo na daftari la fedha.

Mratibu na fundi ndio wachague programu inayotimiza masharti hayo, na walete matokeo ya majaribio mbele ya kamati.

Nanyi wafadhili mna sehemu yenu. Ni rahisi kuchangia kompyuta, kwa sababu ina umbo, inapigwa picha na kuwekwa kwenye taarifa. Ada ya kila mwezi ya barua pepe haina picha. Hata hivyo, mradi ukifungwa na ada ikakoma, akaunti huzimwa, na kumbukumbu za kazi mliyoigharimia huweza kupotea pamoja nazo. Tunawaomba mruhusu gharama hii iwekwe wazi kwenye bajeti za miradi, pamoja na mafunzo na kipindi cha kuhamisha kumbukumbu mradi unapokwisha. Kamati nazo zianze kuiingiza kidogo kidogo katika mapato yake zenyewe, ili isitegemee mradi mmoja.

7. Maswali ya kupeleka kwenye kikao

Kamati inaweza kuanza na maswali haya katika kikao kijacho:

i. Ni watumishi wangapi wanaotumia anwani binafsi kwa kazi za shirika?
ii. Jina letu la mtandao limesajiliwa kwa nani, na linaisha lini?
iii. Simu ya mtumishi ikiibiwa leo jioni, atampigia nani, na huyo atafanya nini kwanza?
iv. Nakala ya akiba ya barua zetu iko wapi, na ni lini mara ya mwisho tulijaribu kuirudisha?
v. Fedha ya mradi huu ikikoma, barua zetu zitadumu miezi mingapi?

Kama swali la tatu halina jibu, lishughulikieni kabla ya mengine yote. Halihitaji fedha wala programu mpya. Linahitaji jina la mtu, namba yake ya simu na karatasi moja ubaoni. Yaliyobaki yanaweza kufuata hatua kwa hatua, kwa kadiri ya uwezo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.